Tesa inawaka matundu yote mawili, lakini soketi haifanyi kazi

SWALI: Nyumba yetu ipo Chumbageni, Tanga. Babu aliijenga miaka ya 1970 na nyaya nyingi bado ni zile za mwanzo. Tangu wiki iliyopita soketi tatu zimekufa: mbili za sebuleni na moja ya chumba kinachopakana na sebule. Taa zote zinawaka, friji la jikoni halina shida na LUKU ina yuniti. Fundi alikuja akachomeka tesa (bisibisi yenye taa ndogo ya kupimia umeme), ikawaka kwenye matundu yote mawili ya kila soketi. Akasema umeme upo, tatizo ni vifaa vyetu. Lakini hata chaja ya simu haichaji pale, ukiipeleka jikoni inachaji. Fundi wa pili anataka kubomoa plasta apitishe nyaya mpya nyumba nzima. Tufanye nini?

JIBU: Dada, usiruhusu ukuta ubomolewe kwanza. Fundi wa kwanza alikosea hitimisho, lakini alichokiona kwenye tesa kimebeba karibu jibu lote.

Soketi isiyo na kosa ya pini tatu bapa, ukiikabili huku tundu la ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) likiwa juu, huwasha tesa upande mmoja tu: kulia, ambako ipo laini, waya unaoleta umeme. Kushoto ni nyutro, waya wa kuurudisha, na nyutro iliyo salama haiwashi tesa. Ikiwaka pande zote mbili, basi laini inafika vizuri ila nyutro imekatika mahali fulani kabla ya soketi hiyo. Umeme unatoka kwenye laini, unaingia ndani ya televisheni, king'amuzi au feni iliyochomekwa, unatokea upande wa nyutro na kukuta njia ya kurudi imefungwa. Kwa hiyo kipande chote cha waya wa nyutro, kuanzia ulipokatika hadi soketi ya mwisho, nacho kimebeba volti 230. Pande mbili zina volti zilezile, mkondo hautembei, chaja haichaji. Tesa haidanganyi, inasema tu kwamba kuna volti, haisemi kwamba umeme una njia ya kurudi.

Hakikisha hili mwenyewe, halina gharama. Chomoa kila kitu kwenye soketi zote tatu, pamoja na ekstensheni na kile kilichojificha nyuma ya kabati. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, plagi itoke ukutani. Pima tena. Tundu la kulia litaendelea kuwaka na la kushoto litazimika, au litabaki na mwanga hafifu sana, maana waya mrefu unaolala sambamba na laini huokota volti kidogo. La kushoto likiendelea kuwaka kwa nguvu, kuna kifaa umekisahau: mara nyingi ni taa ya nje au kengele ya mlangoni iliyounganishwa na mstari huo (nyaya zinazolishwa na breka moja) miaka mingi iliyopita.

Mwenye malti-mita atapata ushahidi bora zaidi. Kati ya laini na nyutro utasoma sifuri, au namba ya ajabu isiyotulia, tuseme 40 au 90. Kati ya laini na ethi utasoma karibu 230. Zile namba za katikati zisikuchanganye. Mita ya kidijitali ni nyepesi mno kiasi kwamba inasoma hata volti zisizoweza kuwasha chochote. Lakini usipime kwa balbu kati ya laini na ethi. Balbu ya wati 60 inavuta ampia 0.26, na kama una swichi ya kinga ya miliampia 30, ile inayokata umeme unapovuja kwenda ardhini, itaruka papo hapo. Kama huna, na ethi ya nyumba ni mbovu, utakuwa umepeleka umeme kwenye mabati ya vifaa vyote vilivyoungwa na ethi hiyo.

Ukishathibitisha, zima breka au ng'oa fyuzi ya mstari huo na uuache umezimwa hadi utengenezwe. Hali hii ni ya hatari kuliko soketi isiyo na umeme kabisa, kwa sababu watu wanaiona imekufa na kuigusa bila woga, kumbe waya wanaouamini ni salama una volti 230.

Mahali pa kutafuta

Soketi hazipati umeme kila moja kwa waya wake kutoka kwenye boksi la breka. Zimefungwa kwa mnyororo: umeme unafika ya kwanza, unaruka kwenda ya pili, na kuendelea. Ndiyo maana ukifungua soketi ya katikati utakuta nyaya mbili kwenye kila skrubu, mmoja unaoleta na mmoja unaopeleka mbele. Zikifa tatu kwa pamoja, ni nadra ziwe zimeharibika tatu. Kosa lipo mahali pamoja: ama ndani ya soketi ya mwisho inayofanya kazi, pale waya unaopeleka mbele ulipochomoka, ama ndani ya soketi ya kwanza iliyokufa, ama kwenye kiungio kati ya hizo mbili. Wengi hufungua zile zilizokufa tu na kukata tamaa. Anza na ile iliyo hai.

Ili kujua ni ipi, chora nyumba kwenye karatasi na utie alama kila soketi, pamoja na iliyozibwa na kabati la nguo na ile iliyopakwa rangi hadi ikasahaulika. Zima breka moja moja na uandike zipi zinazima pamoja; zile zilizokufa zitazame kwa tesa kwenye tundu la kulia. Zilizo hai kwenye breka moja na zile tatu ndizo zinazoshukiwa, na iliyo karibu zaidi nazo ndiyo ya kufungua kwanza. Kwako, chumba kinapakana na sebule. Mafundi walipenda njia fupi, hivyo soketi mbili zinazopeana mgongo kwenye ukuta mmoja mara nyingi zinalishana kupitia tundu dogo lililotobolewa katikati.

Kama hakuna soketi hata moja iliyo hai kwenye breka hiyo, basi kosa limesogea hadi kwenye boksi lenyewe: skrubu ya nyutro imelegea kwenye upau wa nyutro, kile chuma kinachounganisha nyutro zote. Na katika nyumba kongwe kuliko yako utakuta fyuzi pande zote mbili, laini na nyutro. Ikiungua ya nyutro peke yake, matokeo ni haya haya unayoyaona.

Kuna jambo linalowapoteza hata mafundi wazuri. Nyumba nyingi za zama hizo zilifuata mtindo wa Waingereza wa kufunga soketi kwa duara: waya unatoka kwenye fyuzi ya ampia 30, unazunguka soketi zote na kurudi kwenye fyuzi ileile. Utalitambua duara kwenye boksi, maana fyuzi moja itakuwa na nyaya mbili za laini za unene mmoja. Katika duara, mkato mmoja hauui soketi yoyote, umeme unapita upande wa pili. Kwa hiyo soketi tatu zikifa kwenye duara, nyutro imekatika mara mbili, kila upande wa zile tatu, na mkato wa kwanza huenda una miaka bila mtu kujua. Ukitengeneza mmoja soketi zitafufuka, utafurahi na kufunga kazi, huku duara likibaki wazi. Hilo si dogo: waya wa 2.5 (milimita za mraba) unabeba ampia 20 hadi 27 kutegemea ulivyolazwa, na sasa unalindwa na fyuzi ya 30 bila msaada wa upande wa pili. Ukiwa na duara, tafuta mikato yote miwili.

Kufungua

Kazi ya nyaya Tanzania inatakiwa kufanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, na kuanzia hapa nakuandikia ili ujue unachomsimamia. Awe na tesa, malti-mita, bisibisi bapa nyembamba, bisibisi ya nyota, koleo, tochi, soketi mpya mbili, na konekta za ampia 30.

Kwanza fundi azime meni swichi, yaani swichi kuu ya nyumba, si breka ya mstari huo tu. Katika nyumba za zamani fundi aliweza kuazima nyutro ya taa kwa ajili ya soketi au kinyume chake, na nyutro ya kuazimwa inaweza kuleta umeme wa mstari mwingine wakati breka yako imezimwa. Kama kuna inveta, sola au jenereta, nayo izimwe. Kabla ya kuzima, tesa ijaribiwe kwenye soketi ya jikoni ionekane inawaka. Baada ya kuzima ijaribiwe palepale ionekane haiwaki. Ndipo aende kwenye soketi ya kufungua na kupima matundu yote. Mwambie pia asisahau kwamba nyaya zinazoingia kwenye meni swichi kutoka LUKU zina umeme hata swichi ikiwa imezimwa.

Kifuniko kikitoka, atumie pua na macho kabla ya bisibisi. Plastiki ya soketi iliyopata joto inanuka kama samaki aliyevunda, na nyuma yake huwa na doa la kahawia karibu na skrubu moja. Hapo ndipo penye kosa. Skrubu hulegea kwa sababu shaba inatanuka ikipata joto na kusinyaa ikipoa, kila siku, miaka hamsini. Hewa ya chumvi ya Tanga inaongeza kutu ya kijani. Kiungio kikishalegea, kinajiharibu chenyewe: kikifikia upinzani wa omu 1 tu, na pasi na birika zikavuta ampia 10, pale kwenye skrubu kunazalishwa joto la wati 100. Ni sawa na kuficha balbu ya wati 100 inayowaka ndani ya kikopo cha ukutani.

Pasipo doa, ashike kila waya na kuuvuta taratibu. Ule usiobana utatoka mkononi. Mwingine utaonekana umebana kumbe umekatika ndani ya ganda, hasa pale fundi wa zamani alipomenya kwa kisu na kuikwaruza shaba. Unapinda kirahisi mno, kama kamba. Sisimizi, vumbi la plasta na unyevu wa ukuta navyo huonekana, lakini hivyo huleta kuvuja na kuruka kwa breka zaidi kuliko kukatika kwa nyutro.

Rangi zitakuwa za mfumo wa zamani: nyekundu laini, nyeusi nyutro, kijani ethi. Kama kuna kipande kilichoongezwa miaka ya karibuni kinaweza kuwa kahawia, buluu, na kijani chenye mstari wa njano. Asiamini rangi bila kupima. Katika nyumba za kabla au mwanzoni mwa miaka ya 1970 mnaweza pia kukuta nyaya za vipimo vya inchi, zenye nyuzi saba nyembamba za shaba, kila moja ikiwa na kipenyo cha inchi .029 (huandikwa 7/.029). Waya huo unakaribia milimita 3 za mraba na unafaa kwa soketi ukiwa mzima.

Marekebisho yenyewe ni mafupi. Kata sehemu iliyoungua hadi shaba ing'ae, menya milimita 10, ingiza nyaya zote mbili hadi mwisho wa tundu lake, kaza, kisha vuta kila mmoja peke yake. Waya ukiwa peke yake kwenye tundu, ukunje mara mbili ili skrubu ipate nyama ya kuuma. Ukiwa mfupi, ongeza kipande cha 2.5 kwa konekta ndani ya kikopo. Kusokota na kuzungushia tepu ni kupanda kosa lingine. Soketi yenye doa la kahawia itupwe hata kama inaonekana bado inafaa, kwa maana chuma chake cha ndani kimepoteza mbano. Na skrubu mbili za zamani za kufungia kifuniko zitunzwe: vikopo vya zamani vina uzi wa 4BA, kipimo cha zamani cha Waingereza, skrubu mpya za milimita 3.5 huingia kwa shida na kuharibu uzi.

Kosa likiwa kati ya soketi mbili

Soketi zote zikiwa safi, umeme ukiwa bado umezimwa na vifaa vimechomolewa, fungua nyutro inayotoka kwenye soketi hai na inayoingia kwenye soketi iliyokufa, kisha pima upinzani kati ya ncha hizo mbili, ukitumia waya mrefu wa kuazima kufikisha mita upande wa pili. Waya wa 2.5 una omu 0.0074 kwa kila mita, kwa hiyo mita kumi hazifiki hata omu 0.1. Ukitoa waya wa kuazima na nyaya za mita yenyewe, usomaji unaozidi omu 1 ni dalili mbaya, na mita ikionyesha njia imefunguka, mkato umepatikana.

Panda darini kabla ya kugusa plasta. Viungio vya zamani vilisokotwa na kufungwa tepu, na chini ya bati gundi ya tepu hukauka ikawa unga. Panya nao hutafuna. Angalia vikopo vya mviringo juu ya kila chumba na fuata mabomba yanayoshuka ukutani. Kama ganda la waya ni la mpira mweusi linalopukutika ukiligusa, acha kulikunja. Huo ni waya uliomaliza muda wake na hapo nitamuunga mkono anayesema ubadilishwe.

Hata ukibadilishwa, si lazima kubomoa. Nyaya zikiwa zimepita ndani ya bomba, funga waya mpya kwenye mkia wa ule wa zamani na uuvute upande wa pili. Zibadilishwe tatu kwa pamoja: laini, nyutro na ethi. Bomba la chuma likiwa limeziba kwa kutu, pitisha tranki ndogo ya plastiki (mfereji wa kufichia nyaya) juu ya ukuta kwa kipande hicho. Nyumba nzima kufungwa upya ni uamuzi unaohitaji kipimo: fundi alete mita ya kupima maganda ya nyaya kwa volti 500, apime kila mstari vifaa vikiwa vimechomolewa, na akuonyeshe namba. Chini ya megaomu 1, zungumzeni. Bila namba hiyo, anakisia kwa fedha zako.

Usikubali hili

Kuna njia ya mkato inayofanyika sana, nami naiandika kwa herufi nzito moyoni: nyutro ikikatika, fundi anaunganisha nyutro ya soketi na ethi ya soketi hiyohiyo. Chaja inachaji, televisheni inawaka, analipwa na kuondoka.

Fuata hesabu. Tuseme ethi yako ni nondo iliyopigwa uani na ina upinzani wa omu 50, jambo la kawaida kwenye ardhi kavu au ya mchanga. Pasi ya wati 1000 ina omu 53. Ukiichomeka, mkondo unapita kwenye pasi, kisha kwenye nondo, ampia kama 2.2. Pasi itapata robo tu ya nguvu yake, na waya wote wa ethi wa nyumba utapanda hadi volti 110 hivi. Ethi hiyo ndiyo iliyoungwa kwenye bati la friji, la mashine ya kufulia na la hita ya bafuni. Mtoto anafungua friji akiwa peku kwenye sakafu yenye maji wakati wewe unapiga pasi sebuleni. Fyuzi haitaungua, maana ampia 2 kwake si kitu. Kinga ya miliampia 30 ingekata mara moja, na hapo ndipo fundi wa aina hii anaposema kinga ni mbovu na kuipita. Akifanya hivyo, msimamishe.

Kama usomaji ni tofauti

Msomaji mwingine ambaye tesa yake haiwaki tundu lolote ana kosa jingine: laini ndiyo iliyokatika. Aanzie kwenye breka, aisukume chini kabisa kisha juu, kwa kuwa iliyoruka husimama katikati na kuonekana kama imewashwa. Fyuzi za kufunga waya, za kigae, zina alama ya rangi: nyeupe ni ampia 5 ya taa, buluu 15, njano 20, nyekundu 30. Waya wa fyuzi wa ampia 30 una kipenyo cha milimita 0.85 na wa 15 una 0.5, uzi wa shaba uliochomolewa kwenye kebo si fyuzi. Nyumba yenye fezi tatu (inayopokea laini tatu kutoka nguzoni) ikipoteza vyumba kadhaa kwa wakati mmoja, taa na soketi pamoja, huenda fezi moja imekatika nje. Na taa zikiwa kali kupita kawaida chumba kimoja na hafifu kingine, zima meni swichi mara moja na uwaite TANESCO: nyutro ya kutoka kwenye nguzo imekatika, na kwenye fezi tatu vifaa vinaweza kupata volti zinazokaribia 400.

Kwako, baada ya matengenezo, kila soketi ipimwe mara tatu: laini na nyutro karibu 230, laini na ethi karibu hivyo hivyo, nyutro na ethi isizidi volti chache. Kisha chomeka pasi kwa dakika kumi kwenye kila soketi, moja baada ya nyingine, na uguse kifuniko cha soketi hiyo na cha ile inayoilisha. Kikipata joto, bado kuna skrubu iliyolegea ndani. Mwisho angalia namba kwenye breka: kama mstari si duara na waya ni 2.5, iwe ampia 20. Ukikuta 32, ibadilishwe siku hiyohiyo, fundi akiwa bado yupo.